Blanketi la khanga za mama: ushonaji safi, ila zilifuliwa

Mama alifariki Machi mwaka jana. Baada ya arobaini dada zangu waligawana vyombo na vitenge, mimi nikaomba khanga nne alizokuwa akijitanda nyumbani. Walinicheka kidogo, mwanaume na khanga wapi na wapi. Nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaja nazo Dodoma kutoka Kongwa, na kwa miezi kadhaa kazi yangu ya usiku ikawa kuufungua ule mfuko, kunusa, kisha kuufunga upesi harufu isije ikaisha. Moshi wa kuni, mafuta ya nazi, na kitu kingine ambacho kilikuwa yeye tu.

Baridi ya Juni ilipoanza, mwalimu mwenzangu akanidokeza kwamba kuna mama mmoja mitaa ya Majengo anashona mablanketi ya viraka kwa nguo za marehemu. Nikaenda. Jina lake silitaji, huko mbele mtaelewa kwa nini.

Nianze na kazi yenyewe, maana kazi anaijua. Viraka vya mraba, kila kimoja kama shubiri, sponji nyembamba katikati na flana kwa chini. Mishono imepigwa mara mbili. Nimelivuta kila kona na hakuna uzi uliochomoka. Pindo za khanga hakuzitupa, aliziunga zikazunguka blanketi lote kama fremu ya picha. Nililipa 70,000 pamoja na flana, na kwa upepo wa Dodoma wa Julai, ule unaopenya chini ya mlango, linatosha kabisa. Aliniahidi wiki mbili, nikalichukua wiki ya tano. Ndiyo mafundi hao, sina la kuongeza.

Maandishi ya khanga alijitahidi yasikatike. Matatu yamebaki mazima. La nne lilikuwa ULIMI HAUNA MFUPA, mkasi ukapita vibaya, sasa katikati ya blanketi langu pameandikwa HAUNA MFUPA. Mama angecheka mpaka ashike ukuta. Hilo nililisamehe palepale.

Tatizo ni jingine. Aliponikabidhi nililiinua mpaka usoni, mbele yake. Sabuni ya unga.

"Nilizifua kwanza, Mwalimu," akasema, tena kwa fahari. "Zilikuwa na harufu."

Nikasema ahsante mama, nikalipa, nikapanda bodaboda. Nkuhungu tulipafika tukapapita, kijana akanipeleka mbele kabisa kwa sababu sikufungua mdomo kumwambia nashukia wapi.

Chuoni wale watu wa saikolojia tuliwakariri kwa ajili ya mtihani. Bowlby nilimkumbuka kwa lile la kutafuta: aliyefiwa anajua fika kwamba mtu wake amezikwa, lakini moyo unaendelea kumsaka kama mtoto anavyomsaka mama aliyetoka. Mary Ainsworth aliwaangalia watoto wa namna hiyo Uganda mwaka 1954 na 1955, katika familia 26. Mtoto anatambaa kwenda kuchezea vitu vyake, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea. Nina miaka 43, na ule mfuko wa nailoni ndio nilikuwa nageuka kuutazama.

Aliyenimaliza lakini ni Winnicott, daktari wa watoto wa London. Katika makala yake ya 1953 anazungumzia kile kitambaa au mdoli ambao mtoto haachani nao. Anasema mama hukiacha kichafuke, hata kinuke, kwa sababu akikifua anakata kitu kilichokuwa kinaendelea, na maana yake kwa mtoto inaweza kupotea. Mambo hayo niliyajaza kwenye mtihani na maksi nikapata. Halafu nikapeleka khanga kwa fundi bila kumwambia neno moja tu: usifue.

Kwa hiyo lawama tugawane. Ila anayeshona nguo za marehemu kila wiki ilimpasa aulize kabla ya kuloweka. Nilirudi kumwambia hivyo, kwa heshima. Akasimamisha cherehani, akakaa kimya.

"Koti la mume wangu nililifua wiki ileile," akasema. "Waliniambia lifuliwe ligawiwe."

Sikuwa na la kujibu. Mwalimu mwenzangu amepeleka vitenge vya shangazi yake mwezi huu, ananiambia swali la kwanza aliloulizwa ni kama vifuliwe au viachwe.

Ushonaji nampa tano kwa tano. Ukienda, sema mapema, na kipande kimoja ukiache nyumbani. Mimi blanketi nalilalia kila siku, sasa hivi linanuka mimi. Dada yangu wa Kongwa kumbe alijiwekea doti moja ambayo haijaguswa maji tangu msiba. Nimemwomba nusu. Amesema atafikiria.