TAHADHARI kwa wenye Suzuki Jimny Arusha na Moshi: "seti ya difu za 660" inayouzwa mjini ni difu moja

Wakuu, naandika hii kwa aibu, maana mwezi uliopita ni mimi mwenyewe niliyekuwa namsifia huyu jamaa, na najua kuna watu wawili waliompa hela kwa sababu ya sifa zangu. Kwa hiyo someni hadi mwisho, hasa wewe wa Usa River.

Jina lake silitaji, jalada lipo polisi na RB ninayo. Mtamjua kwa staili yake. Duka hana. Anakutana na wewe kwenye gereji za watu Unga Limited, simu yake imejaa picha za Jimny zilizokatwa nusu kutoka Japani, na sentensi yake kubwa ni hii: "Kaka, kufunga ni bure, fundi ni wangu."

Kwa wasiojua kwa nini mtu ahangaike na difu, yaani lile kasha la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu ya injini kwenye tairi. Jimny ya 1.3 ukiitoa kwenye tairi zake za 205/70R15 ukaiweka 235/75R15, tairi linakua kutoka kama sentimita 67 hadi 73 kwa kimo. Gari linapendeza, linavuka mawe, ila mlimani linakufa. Injini ya cc 1,328 haina msuli wa kusukuma tairi hilo kwa difu yake ya kiwandani. Ndiyo maana watu wanatafuta difu za ile Jimny ndogo ya Japani ya cc 660, ambazo gia zake ni fupi zaidi. Ukibadilisha, unabadilisha mbele na nyuma kwa pamoja. Hakuna "nitaanza na ya nyuma, ya mbele mwezi ujao". Hapo ndipo mchezo wake ulipo.

Tulikubaliana 1,700,000 pamoja na difu zangu za zamani, yaani kubadilishana kwa kuongeza hela. Advansi nikampa 900,000. Siku ya kufunga, Jumatatu, nilifika saa mbili asubuhi, gari likapandishwa, wakaanza kufungua. Mara akaniambia oili ya difu aliyokuja nayo haitoshi, nikimbie Sokoine Road nikachukue 80W-90. Nikaenda. Foleni ya Arusha mnaijua. Narudi baada ya saa nzima na dakika zake, nakuta difu zote mbili ziko juu, zimepigwa rangi nyeusi zinang'aa, silikoni mpya imetokeza pembeni, na chini kuna gunia lenye difu mbili chafu. "Hizo hapo za kwako, mkuu, nazichukua kama tulivyokubaliana." Nikamalizia hela. Risiti hakuna, karatasi hakuna. Waranti: "siku 3 za kutesti".

Sasa sikilizeni ujanja wenyewe, maana ni mzuri kiasi kwamba hadi leo nikiukumbuka natikisa kichwa. Wakati naondoka aliniambia kwa upole kabisa, "Kaka, usije ukaingiza fowili kwenye lami, utavunja transfa." Na hilo ni kweli! Transfa ya Jimny, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, haina difu ya katikati, ukiingiza fowili (tairi zote nne zivute) propela ya mbele na ya nyuma, yaani vyuma vinavyozunguka kupeleka nguvu kwenye difu, zinafungwa pamoja, na kwenye lami kavu hazina pa kupumulia. Kila fundi atakwambia hivyo. Kwa hiyo siku zangu 3 za kutesti nilizimaliza mjini kwa tairi za nyuma tu, na nyuma kweli aliweka difu ya 660. Gari lilipanda kilima cha kuelekea nyumbani Sakina kama limepewa injini nyingine. Nikaenda nalo Moshi na kurudi, likawa linalia barabarani kuliko zamani, nikajua ndivyo inavyotakiwa, gia zimekuwa fupi. Ndipo nikaanza kumsifia.

Jumamosi tukatoka magari matatu, Mto wa Mbu kwenda Engaruka, lengo likiwa Ziwa Natron. Baada ya Selela tukakuta korongo lenye mchanga. Nikashuka, nikafunga habu za mbele (vifungio vinavyounganisha tairi na ekseli) kwa mkono, nikavuta gia ya fowili. Gari likaanza kuruka kama punda aliyetwishwa mzigo usio wake. Tairi za mbele zinachimba, za nyuma kama zimeshikwa breki. Nikajaribu kuitoa fowili, gia imekaza haitoki. Nikarudisha nyuma kidogo, nikasogeza tena, halafu ukasikika mlio mmoja, paa! Krosi, yaani jointi ya propela ya mbele, imekatika na propela inapiga chini ya sakafu. Wenzangu wakanitoa kwa Land Cruiser, tukaifungua ile propela palepale juani, nikarudi Arusha kwa tairi mbili za nyuma. Natron sikuiona.

Kesho yake nikaenda nalo polepole hadi kwa fundi wangu wa siku zote, mzee mmoja yuko Majengo, Moshi. Hakugusa spana. Alipangusa rangi kwenye flenji ya pinioni ya difu ya mbele, pale propela inapofungwa, kwa kitambaa chenye petroli, akaniita, "Njoo uone kazi yangu." Mwaka 2021 alinibadilishia oili sili ya pinioni hapo mbele, na kabla ya kufungua nati alipiga alama kwa senta panchi, moja kwenye nati na moja kwenye flenji, ili airudishe palepale beringi zisikazwe kupita kiasi. Alama zile mbili zilikuwa pale chini ya rangi, zinatazamana.

Yaani difu ya mbele niliyouziwa ni yangu mwenyewe. Aliiosha, akaipiga rangi, akaniuzia. Ile ya pili kwenye gunia ilikuwa ya gari la mtu mwingine, ya kuonyeshea tu.

Tulizifungua zote kuhakikisha. Nyuma meno 43 kwa 8, mbele 45 kwa 11. Gawanyeni wenyewe: 5.375 na 4.09, yaani mizunguko ya propela kila tairi zote mbili zinapozunguka mara moja. Propela zikizunguka sawa, tairi za mbele zinataka kwenda mbali kuliko za nyuma kwa karibu theluthi moja. Krosi ilijitahidi sana.

Nilipompigia alikuwa Dar. Kesho yake yuko Namanga anapokea mzigo. Siku ya tatu akanijibu kwa ujumbe kwamba "umelazimisha gari kwenye mchanga, siku 3 zimepita", kisha akaniblock. Nimesikia pia anauza shokapu "mpya" ambazo ni za mtumba zilizojazwa oili na kubandikwa stika, lakini hilo sijaliona kwa macho yangu.

Huhitaji kufungua difu kumkamata. Gia iwe nyutro, fowili imetolewa, tairi za mbele ziwekee mawe, hendibreki achia. Piga jeki tairi MOJA tu la nyuma, lingine libaki limekanyaga chini. Chora chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara 2 kamili huku mwenzako akihesabu propela (lingine likiwa limesimama, mara 2 za tairi moja ni sawa na mara 1 ya tairi zote mbili). Difu ya 1.3 kama yangu itakupa mizunguko 4 na kidogo sana. Ya 660 kama niliyowekewa nyuma inakupa 5 na zaidi ya theluthi. Kisha mawe yahamie nyuma, urudie mbele, ila habu zote mbili za mbele ziwe zimefungwa, la sivyo utahesabu upuuzi. Hesabu mbili zisipolingana, hela yako ibaki mfukoni. Robo saa haiishi.

Na kama bado mnataka kununua kwake kwa sababu bei yake ni nzuri, gereji chagua wewe, usitoke hata kwenda kunywa chai, na difu zako za zamani ziwekee alama ya rangi kabla hajazigusa.

Yule wa pili nimeshaongea naye, yake imekutwa vilevile. Wewe wa Usa River hupokei simu. Usiingize fowili kabla hatujahesabu. Jeki na chaki ninazo, Jumapili baada ya ibada nakuja kwako.