Kuomba hati za njia ya pwani: uzoefu wangu Malindi

Hii nawaandikia wavuvi, mama karanga (kina mama wanaokaanga samaki na kuwauza) na yeyote mwenye shida kama yetu. Mwananchi wa kawaida anaweza kuomba nakala ya hati iliyo katika ofisi ya umma na akapewa. Mimi nimepewa, ingawa si zote, wala si upesi.

Sisi hushuka pwani kwa kichochoro walichokitumia wazee wetu tangu enzi za baraza la manispaa. Kiwanja cha pembeni kilipouzwa, ukuta ukaanza kusogea, na kina mama wenye ndoo za samaki vichwani wakawa wanapita upande upande. Tukilalamika tunaambiwa hapo hapajawahi kuwa na njia. Tukaona kubishana hakutatufikisha popote. Tukaamua kuomba vitu viwili: ramani ya mpango wa mji inayoonyesha sehemu ile, na kibali cha kujenga ule ukuta.

Haki hiyo iko kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35, na utaratibu wake umewekwa na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Barua inakubalika kwa Kiswahili, na mimi niliandika kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika, afisa ndiye anayepaswa kumwandikia ombi lake na kumpa nakala. Hilo lilinifurahisha sana, maana wengi wa wenzangu baharini kalamu si kazi yao. Nilitia sahihi kama raia, na nambari ya kitambulisho changu, nikataja mtaa, nambari ya kiwanja na miaka ninayoitaka. Ukiandika tu "naomba mafaili ya ardhi", unampa mtu sababu ya kukurudisha nyumbani.

Kwenye kaunta ndipo penye kazi. Ofisi siitaji jina. Binti aliyepokea barua aliniuliza, "Ami, hizi wazitakia nini?" Nikamjibu, "Sheria hainitaki nieleze sababu, mwanangu, lakini nitakwambia: twataka kujua njia yetu iko wapi." Hakukasirika. Shida ni kwamba hakujua barua ile aipeleke kwa nani, na kwa sheria afisa wa kutoa habari ni mkuu wa taasisi au yule aliyemteua. Nilisimama pale mpaka nakala yangu ikapigwa muhuri wenye tarehe. Ndugu zangu, usiondoke bila muhuri huo. Siku 21 za kujibiwa zinahesabiwa tangu ombi lilipopokelewa, na bila muhuri utathibitisha vipi lilipokelewa lini? Ofisi inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, jibu linatakiwa ndani ya saa 48.

Kuwasilisha ombi ni bure. Utakacholipa ni gharama halisi ya kutoa nakala, na mimi nililipa fotokopi, basi. Ukiombwa "ya chai", hiyo haimo kwenye sheria.

Jibu lilikuja muda ukikaribia kwisha. Kibali nilipewa, na maelezo binafsi ya mwenye kiwanja yamefutwa kwa wino mweusi. Sina neno juu ya hilo, faragha yake nayo ni haki. Ramani ndiyo iliyonisikitisha. Niliambiwa mafaili ya manispaa ya zamani yalihamishwa serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, na ramani za upimaji zinatunzwa na serikali kuu. Inawezekana ni kweli. Lakini sheria inasema ofisi isiyokuwa na hati inaweza kulihamisha ombi lenyewe kwa ofisi inayoitunza, ndani ya siku tano, na kumjulisha mwombaji. Mzee wa watu asirudishwe njiani na karatasi yake mkononi kama mpira. Nimeandika barua ya pili nikikumbusha jambo hilo, nayo imepigwa muhuri. Wakikataa, nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupokea maombi ya kupitia upya uamuzi ndani ya siku 30 tangu mtu ajulishwe.

Hata hicho kibali kimoja kimetusaidia. Kinataja mpaka wa ukuta, na mpaka huo si pale ulipojengwa. Sasa tukizungumza na mwenye kiwanja tunaweka karatasi mezani, naye anasikiliza.

Nikitakiwa kutoa nyota, huduma naipa tatu kati ya tano. Sheria ni nzuri na karani alikuwa na adabu, ila utunzaji wa mafaili unahitaji kuangaliwa. Ningeomba ofisi ibandike ukutani, kwa Kiswahili, jina la afisa anayepokea maombi haya na chumba anachokaa.