Kumtafutia paka daktari Kisumu: uzoefu wangu

Kisumu ukiuliza daktari wa mifugo hutakosa. Kuna wa ng'ombe, wa kuku, wa nguruwe, na msimu wa chanjo ya kichaa ukifika hata mbwa hukumbukwa. Sasa uliza wa paka, uone watu watakavyokutazama. "Paka naye anapelekwa hospitali?" Jirani yangu aliniuliza hivyo ameshika kiuno, na hakuwa anatania. Kwetu paka ni askari wa panya. Akifa, wa nyumba ya pili atazaa.

Chifu hajawahi kukamata panya. Ni dume la rangi ya chungwa, amehasiwa, mnene kuliko inavyofaa, na tangu aingie kwangu Nyalenda sijamwona akikimbiza kitu isipokuwa vifuniko vya soda. Mwezi uliopita nusura afe. Nilipita kwa watu wawili wenye makoti meupe kabla hajapona, na kwa kuwa najua kuna wenzangu wenye paka wasiojua pa kwenda, nimeona niandike jinsi mambo yalivyokuwa.

Alianza kwa kuingia kwenye beseni lake la mchanga na kutoka, kuingia na kutoka. Anachuchumaa, anakaza, analia kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kisha anatoka na kujilamba chini ya mkia. Nikiangalia mchanga, mkavu. Usiku akakataa omena. Wanaomjua Chifu wanajua hiyo ni habari ya kutangazwa redioni.

Asubuhi nikampeleka kwenye agroveti moja ninayopita nikienda kazini. Kwa mambo ya kuku wamenisaidia sana, sina kinyongo nao. Kijana wa kaunta alimtazama Chifu kupitia tundu la katoni. Hakumtoa.

"Mwalimu, huyu amefunga choo. Nakupa dawa ya minyoo, halafu namchoma antibiotiki. Kesho atakuwa fiti."

Nikamwuliza amejuaje kuwa ni choo na si mkojo.

"Si anakaza?"

Nikamwuliza tena, antibiotiki hiyo paka wa kilo tano anachomwa kiasi gani. Akageuza chupa akatafuta kwenye lebo. Kulikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. "Hapo tunakadiria," akasema, na kuongeza kwamba yote ni shilingi 300 tu. Nikafunga katoni yangu nikaaga.

Nyumbani nikamkuta Mama Achieng' wa mlango wa pili amekuja na suluhisho lake: nusu tembe ya paracetamol, imesagwa ndani ya maziwa. Huruma yake naijua na naiheshimu, lakini maziwa yale niliyamwaga. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu linavyofanya. Inaharibu damu yake mpaka fizi zinageuka rangi ya kahawia au samawati, na hata kipande cha tembe moja kinaweza kumwua. Nimeshaona watu wakiipendekeza kwa nia njema kabisa, kwa hiyo nasema wazi: usimpe.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayeuza samaki soko la Kibuye. Meza yake haikosi paka chini, na nilidhani atacheka. Hakucheka. "Mpeleke kwa yule Daktari wa upande wa Mamboleo," akaniambia huku anapara mbuta. "Ni mkali kidogo, lakini anashika mnyama."

Anashika mnyama. Sikuelewa uzito wa maneno hayo mpaka nilipofika.

Kliniki yenyewe haivutii. Ni vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, benchi moja nje, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Nilimkuta mzee mwenye mtoto wa mbwa na mwanamke aliyepakata bata mzinga. Nilichokitafuta kwanza ni leseni, na niliiona ukutani: Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, mwaka huu. Tazama mwaka, maana leseni hiyo hulipiwa upya kila mwaka na karatasi kuukuu inaweza kukaa ukutani hadi iote vumbi. Sheria ya mwaka 2011 inatambua madaktari wenye shahada ya udaktari wa mifugo, na pia wasaidizi wenye mafunzo mengine ya afya ya wanyama ambao kazi zao zina mipaka. Wote wanatakiwa wawe wamesajiliwa na Bodi. Una haki ya kuuliza anayekuhudumia ni yupi kati ya hao. Kijana wa agroveti sikumwuliza, lakini chupa yake ilishanijibu.

Chifu alilia mara moja tu ndani ya katoni. Mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira.

"Huyo ni dume?"

"Ndiyo, Daktari."

"Amekojoa lini?"

"Sina hakika. Tangu jana mchanga wake ni mkavu."

"Ingia." Kisha akawageukia wenzangu wa benchi: "Mzee, mama, mtaniwia radhi. Huyu hawezi kungoja."

Alimweka mezani juu ya gunia safi lililokunjwa. Hakuuliza pesa wala jina. Alipitisha mikono chini ya tumbo lake, huku na huku, akafumba macho. Chifu, ambaye mtu mgeni huwa anamtia makucha, alinguruma tu. Kisha Daktari akanishika mkono. "Hebu weka hapa. Polepole." Nikagusa kitu cha mviringo, kigumu, kinajaza kiganja. "Hicho ni kibofu. Kwa paka mzima ukikigusa ni laini, na mara nyingi hata hukioni. Hiki kimejaa na hakina pa kutokea. Mwalimu, huyu hajafunga choo. Amezibwa mkojo."

Ndipo akafunua chini na kunionyesha ncha nyekundu, na juu yake uji mweupe wenye chengachenga. Akatazama fizi, akapima joto, halafu akaweka kifaa chake kifuani na kusikiliza moyo kwa muda mrefu huku macho yako kwenye saa. Nilitaka kumwuliza jambo, akainua kidole ninyamaze.

Alipomaliza ndipo akaeleza. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana, hasa kuelekea mwisho. Ya jike ni pana, ndiyo maana majike ni nadra kuzibwa hivi. Mchanga wa mkojoni au ute ukikaa pale, basi. Mkojo unarudisha shinikizo kwenye figo, na potasiamu ambayo ingetolewa inabaki ndani ya damu na kuudhoofisha moyo. Paka aliyezibwa kabisa anaweza kufa kwa siku mbili tatu. "Moyo wake bado unaenda vizuri," akasema. "Umewahi. Lakini hatulali na hili."

Sasa sehemu iliyonifanya niamini. Alichukua daftari, akaandika kwa mkono, akanigeuzia nisome: kumwona daktari 1,000, dawa ya usingizi, mpira wa mkojo, dripu, kulazwa, dawa za kwenda nazo nyumbani. Jumla ilikuwa 9,500. Chini yake akapiga mstari na kuandika yanayoweza kwenda mrama: mpira ukikataa kupita, moyo ukisumbua wakati wa usingizi, akizibwa tena baada ya mpira kutolewa, jambo ambalo alisema hutokea sana siku za mwanzo.

"Kuna upasuaji wa kumfungulia njia pana," akaniambia. "Huo mimi siufanyi. Niliuona Kabete nikisoma, mkono wangu haujaufanya. Ikifika huko nitakuandikia barua umpeleke Nairobi. Na kama pesa haipo, niambie sasa tuzungumze, kuna njia ya kumpumzisha bila maumivu. Usije ukaniambia kesho nikiwa nimeshaanza."

Nimewahi kuuguza wazazi katika hospitali za binadamu, na sijawahi kuambiwa bei, hatari na mpaka wa uwezo wa daktari kwenye ukurasa mmoja. Kijana wa agroveti alikuwa na uhakika wa kila kitu bila kumgusa mnyama. Huyu alimgusa kila mahali, akabaki na jambo moja aliloniambia haliwezi. Nilituma nusu kwa M-Pesa nikiwa nimesimama palepale na kutia sahihi.

Aliniruhusu nibaki mpaka Chifu alale. Mpira ulikuwa mwembamba ajabu. Aliupaka kilainishi, akausukuma huku msaidizi wake anapuliza maji ya chumvi taratibu kuurudisha nyuma ule uji. Mara ya kwanza ukagoma. Akautoa, akapapasa, akarudia kwa pembe nyingine bila kutumia nguvu. Kisha mkojo ukaja, wa rangi ya chai ya rangi, umechanganyika na damu, ukajaza kikombe na kuendelea. Daktari akapumua kwa mdomo kama aliyetua mzigo, na mimi ndipo nikagundua nimekuwa nikishikilia ukingo wa meza.

Tone moja aliliweka chini ya darubini akaniita nitazame. "Unaona vile virefu vyenye kona? Wenyewe tunaviita vifuniko vya jeneza." Nikamwambia, Daktari, kwa leo mfano mwingine wowote ungefaa. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. Hayo madini yana magnesiamu na fosfati ndani yake, na huota zaidi mkojo ukiwa mzito na usio na asidi ya kutosha.

Basi tukaja kwenye omena. Nilitarajia kugombezwa. Aliuliza tu: kavu au ya kuchemsha? Kavu. Anakunywa maji? Kidogo. Paka hana kiu kama ya mbwa, akaniambia, sehemu kubwa ya maji anatakiwa ayapate ndani ya chakula. Anayekula vikavu tu, akiwa mnene na analala ndani mchana kutwa, mkojo wake unakuwa mzito. Omena hakunikataza moja kwa moja, maana alijua naishi wapi. Alitaka iwe kidogo, iliyolowekwa na kuchemshwa na supu yake isiyo na chumvi, tena isiwe ndiyo chakula chake chote. Kwa miezi ya mwanzo Chifu anakula cha kopo cha paka wenye tatizo hili, na bei ya makopo hayo Kisumu ni ya kumfanya mtu akae chini. Bakuli za maji ziwe kadhaa nyumbani. Nilipomwuliza kama kumhasi ndiko kulikomponza, kama Mama Achieng' alivyoshikilia, alisema kuhasi hakuipunguzi ile njia upana. Kunamnenepesha usipoangalia sahani yake.

Sasa kasoro, kwa sababu zipo. Hana mashine ya kupima potasiamu. Damu ilipelekwa maabara mjini na majibu yalirudi wakati Chifu ameshaamka na anatukana mbwa wa chumba kimoja naye. Hilo ni la pili: paka na mbwa wanalazwa pamoja, pazia tu katikati, na kwa paka mgonjwa hofu hiyo haisaidii. Usiku hakuna mtu wa kukaa na wagonjwa. Aliniambia mwenyewe kabla sijauliza kwamba angepita saa nne usiku na tena alfajiri, na kweli alinitumia picha mara zote mbili, lakini kati ya hapo ni mlinzi wa nje peke yake. Akiwa kazini simu hashiki. Na mpira ulipohitaji kukaa usiku wa ziada, gharama ilipanda kupita elfu kumi, ingawa alinipigia kuniuliza kwanza.

Ningerudi? Nimesharudi. Baada ya Chifu kutoka niliona anachuchumaa tena kwa muda mrefu, nikampigia roho mkononi. Swali lake lilikuwa moja: "Mchanga umelowa?" Umelowa. "Pima mabonge ya mchanga uliolowa kila asubuhi, ukiona yanakuwa madogo na mengi, mlete. Leo kaeni nyumbani." Angeweza kuniambia nije, anichaji 1,000 nyingine. Nilipompeleka kwa ajili ya chanjo ya kichaa, ambayo paka naye anaihitaji na wengi hatujui, alimpima uzito na kuniandikia anatakiwa apungue kiasi gani, na asipunguzwe kwa pupa, kwani paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula ini lake hujaa mafuta.

Jina la kliniki siliweki hapa kwa kuwa mwenyewe aliniomba. Yuko peke yake na msaidizi mmoja, na anasema akijaa zaidi ataanza kutazama wanyama kupitia matundu ya katoni. Ukifika Kibuye, waulize wauza samaki wenye paka chini ya meza, watakuelekeza. Jumatatu hadi Jumamosi yupo, Jumapili ni dharura tu na ni lazima upige kwanza. Nenda mapema kabla mbwa hawajajaa benchi. Na beba kikapu chenye kifuniko cha kufunga, kwa sababu katoni yangu ilitoboka kabla hatujamaliza Kondele, na kijana wa boda akanisimamisha kando ya barabara: "Mwalimu, mimi naendesha, lakini hiyo kitu ikinirukia mgongoni tutalazwa sisi wote watatu."