Mifupa au vinasaba: kipi kinaeleza vyema ukoo wa pomboo?

Pomboo wa hifadhi ya bahari ya Kisite na viboko wa hifadhi ya Haller Park, Bamburi, Pwani ya Kenya, ni ndugu. Ubishi ni ushahidi upi ushikwe. Kwa walio hai, vinasaba havina mpinzani: vipande vilevile vya DNA, yaani kemikali inayobeba vinasaba, vimejipachika mahali palepale kwa nyangumi (jamii ya pomboo) na kiboko. Ila maabara ni ghali, na joto la Pwani huozesha nyama upesi. Sampuli ya nyama itieni kwenye ethanoli mara moja.

Mifupa huonyesha safari yenyewe ya kutoka nchi kavu hadi baharini. Meno yaliwahi kuwapotosha wataalamu, wakamtafuta babu kwa walanyama wenye kwato, hadi mwaka 2001 mifupa ya vifundo vya miguu ya nyangumi wa kale kutoka Pakistan ilipoonyesha umbo la kapi mbili (magurudumu ya kamba), kama ya mbuzi, jamaa wa kiboko. DNA ya miaka milioni 50 haipo tena.

Mwalimu wa darasani, chukua nakala ya plasta ya kifundo. Mwenye sampuli mbichi, vinasaba.