GIMP kwa foto za sura: uzoefu wangu wa studio Goma

Kwa studio ndogo inayotoa foto za pasipoti na za arusi hapa Goma, GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, inatosha. Ni ya bure, haihitaji intaneti, na menyu zake zinapatikana kwa Kifaransa. Sifa yake kubwa kwangu ni namna inavyoitendea haki ngozi nyeusi, mradi usiitie ukungu (blur) sura nzima. Ukungu unafuta vinyweleo, mtu anatoka kama sanamu ya nta.

Kichujio ninachokitegemea ni Wavelet-decompose. Foto inagawanyika matabaka (layers) matano ya chembechembe, kuanzia ndogo hadi kubwa, na la sita linabaki na rangi na mwanga. Chunusi na makovu nayaondoa kwenye tabaka la tatu na la nne kwa brashi ya Heal, inayofunika doa kwa sampuli ya ngozi safi na kuichanganya na rangi ya jirani. La kwanza na la pili ndiyo yenye vinyweleo, siyagusi. Weusi wa chini ya macho uko kwenye la sita: nauzungushia lasso (kamba ya kuchagulia eneo) yenye kingo laini, natia ukungu hapo tu. Kata foto kabla ya yote haya, kwa sababu matabaka sita ya megapikseli 24 yanailemea mashine ya RAM giga 4.

Brashi ya Heal iwe kubwa kidogo kuliko doa, na sampuli (Ctrl na kubofya) itoke karibu, upande uleule wa mwanga. Kwenye ukingo wa mdomo, nyusi au nywele, Heal inavuta rangi ya jirani na kuacha alama ya moshi. Hapo shika Clone, inayonakili sampuli bila kuchanganya rangi. Mteja akiomba ang'arishwe, inua mstari wa mwanga wa Curves katikati kidogo sana. Ukizidisha, ngozi inakuwa kijivu na shati jeupe linaungua kwa mwanga. Rangi ya mtu ni yake, tusimbadilishie.

Foto ya milimita 35 kwa 45: kata kwa uwiano huo, kisha badilisha ukubwa kwa Scale Image hadi pikseli 413 kwa 531, azimio 300 (pikseli kwa inchi), njia ya kukokotoa pikseli iwe NoHalo. Alama ya mnyororo kati ya upana na urefu isiachane, sura itavutika. Azimio likibaki 72, foto ileile inachapwa karibu sentimita 14.6 kwa 18.7. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 (pikseli 1181 kwa 1772) inabeba foto nane. Kunoa (sharpen) kunafanywa baada ya kupunguza ukubwa, si kabla. Foto iliyopitia WhatsApp kama picha imekwisha kubanwa na kuikuza hakurudishi kitu. Mteja aitume kama faili.

Kasoro inayoniudhi: GIMP haihifadhi kazi yenyewe. Umeme ukikatika, yote ya baada ya Ctrl+S ya mwisho yamekwenda. Toleo 3.0 la Machi 2025 linaruhusu kurekebisha vichujio vingi baadaye, lakini hifadhi kama XCF, faili ya GIMP yenyewe inayotunza matabaka. JPEG inayeyusha matabaka yote kuwa moja.