Ziwa Victoria: meli au ndege ya majini?

Ukilinganisha kwa kasi tu, meli imeshindwa kabla hujaanza. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za kutoka London hadi Mwanza, na kipande cha mwisho, kuanzia Khartoum, kilirukwa na ndege zinazotua majini. Mwaka 1937 zikaja Short Empire, zenye injini nne na nafasi ya abiria 24. Ziliondoka Southampton, zikapita Port Bell na Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, hadi Durban. Hazikuhitaji uwanja, ziwa lilitosha. Lakini zilibeba barua na wenye nacho. Mkulima wa pamba angepakia nini humo?

Meli ilikuja kwa taabu. William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Mombasa, na vipande vingi vikabebwa na wapagazi hadi ziwani. Ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900, reli ikiwa bado njiani. Tangu hapo Kisumu ikawa na karakana ya meli, na mafundi wake ndio walioiunganisha upya MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961.

Ndege za majini zilififia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanja vya nchi kavu vilipoongezeka. Mimi naichagua meli bila kusita: Victoria ile ile, baada ya ukarabati mkubwa, imerudi kubeba watu na mizigo kati ya Mwanza na Bukoba.