Ditekta ya laki mbili na themanini: tumeitumia Tabora kutafuta hela za Mjerumani, uzuri na ubaya wake

Wadau habari zenu. Naona watu wanaulizia sana hizi ditekta za bei nafuu, mashine za kutafuta sarafu na vyuma vilivyofukiwa ardhini, zile nyeusi na njano, kwenye boksi hamna jina la kampuni ni namba tu na maandishi ya Kichina. Mi ninayo tangu mwezi wa kumi na moja na tumeizungusha sana huku Tabora na washkaji zangu wawili, mmoja fundi redio pale Ng'ambo mwingine dereva bodaboda, tulichanga kila mtu akatoa chake tukaagiza Dar ikaja na basi. Laki mbili na themanini pamoja na nauli ya mzigo.

Nianze na kitu kilichonikera. Boksi linasema inafika mita moja na nusu chini. Usiamini hiyo. Tulizika wenyewe shilingi za zamani kwa kipimo cha rula tukapima, sarafu ya ukubwa wa kawaida ukizidi sentimita 15 haisikii kitu kabisa, na kwenye 12 mlio ushakua mdogo unatakiwa utulie. Kipande cha bati au jembe bovu ndo linasikika mbali, kwasababu ile sahani ya chini inarusha sumaku kwenye udongo afu inasikiliza chuma inajibu vipi, sasa kitu kikubwa kinajibu kwa nguvu na kidogo kinajibu kwa unyonge. Kwa hiyo anayetafuta sanduku la chini sana hii sio mashine yake. Kwa sarafu zilizodondoka mtu mmoja mmoja enzi hizo, inatosha, maana nyingi hazijaenda chini sana.

Udongo wetu hapa ni kichanga na hapo ndo inafanya vizuri, inakua kimya mpaka ikutane na kitu. Ila ukiipeleka kwenye ile changarawe nyekundu ya barabarani inalia hovyo kila hatua kwasababu udongo wenyewe una chuma, na haina sehemu ya kuizoesha udongo kama zile za gharama. Tulipoteza Jumamosi nzima hivyo. Mvua ikinyesha afu ardhi ikakaa siku moja ndo muda mzuri, unyevu unasaidia mlio na kuchimba kunakua rahisi.

Kitufe cha kuruka chuma, yaani mashine isilie ikikuta chuma cha kawaida, kipo na kinafanya kazi kwa misumari. Kwa vizibo vya soda hakifanyi kazi, na jamani vizibo vya soda Tabora ni vingi kuliko mchanga. Fundi redio ndo aligundua namna yake, ukipata mlio mzuri usichimbe kwanza, inua sahani kidogo kama upana wa vidole vinne afu pitisha tena, na pitisha kwa kukatiza msalaba. Kizibo mlio unakatika katika, sarafu mlio unabaki mviringo, ule ule kila upande. Tangu tujue hilo tumepunguza mashimo ya bure zaidi ya nusu.

Sasa tulichopata. Kwenye viwanja vya ndugu na marafiki hapa mjini tumepata sumni za sungura za 1966, senti tano za samaki, senti kumi ya tundu ya 1952 yenye jina la King George, na shilingi moja ya simba. Hiyo ya simba mshkaji wangu wa bodaboda aliisugua kwa ndimu na majivu ikang'aa kama mpya na sura yote ikafutika, hadi leo inaniuma. Usisugue sarafu. Maji tu, vidole, basi, iache ikauke.

Afu Desemba tukaenda shambani kwa bibi yake huyo huyo wa bodaboda, upande wa Lulanguru. Kwa wasiojua, mwaka 1916 Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imekaza na meli za Waingereza zimeziba bahari, Mjerumani hakuweza kuleta sarafu kutoka kwao, ndo wakazipiga wenyewe huku huku kwenye karakana ya reli Lulanguru. Za hela 5 na hela 20 wakatumia shaba ya kuokoteza hadi maganda ya risasi, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo kwa dhahabu ya Sekenke. Septemba 19 mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora, biashara ikaishia hapo.

Basi chini ya mwembe wa bibi, kwenye saa nne asubuhi, mashine ikalia ule mlio wa mviringo. Tukainua sahani, ukabaki. Tukakatiza, ukabaki. Kwenye sentimita 10 hivi ikatoka duara la kijani limejaa udongo, tukalimwagia maji ya chupa taratibu na likaanza kuonekana taji, 1916, D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani), na herufi moja ndogo T. T ya Tabora! Hela 20. Mi nilikaa chini kabisa. Imepigwa hapo hapo jirani, ikalala zaidi ya miaka mia.

Tukampelekea bibi mkononi maana shamba ni lake na sarafu ni yake, tulishakubaliana hivyo kabla ya kuwasha mashine. Akaigeuza geuza akauliza, "Mjukuu wangu, hii ndo nini?" Tukamwambia bibi hii ni hela. Akasema hela naijua mimi. Ikabidi tumweleze kwamba neno lenyewe limetoka hapa, Heller ya Mjerumani, kuanzia 1904 mia moja zilikua rupia moja, na kabla ya hapo zilikua pesa 64 kwa rupia. Alicheka sana akaifunga kwenye pindo la khanga.

Ubaya mwingine sio wa mashine ni wa watu. Ukionekana na ditekta hapa kwetu kila mtu anajua unatafuta mali ya Mjerumani, jioni ile ile walikuja watu wawili tusiowajua wanataka tukachimbe nao kaburi usiku. Tulikataa na tukahamisha mashine. Nunua hedifoni, ni muhimu kuliko unavyodhani, mlio usisikike mtaa mzima. Tundu lake lipo kwenye mashine, ila hedifoni zenyewe haziji nayo.

Na tafadhali, Kwihara kwenye tembe la Livingstone usithubutu, wala boma lolote la zamani, wala makaburi. Sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964 na kuchimba sehemu hizo kunahitaji kibali. Mbali na sheria, kitu kikitolewa pale kiholela wanaokuja kusoma historia yetu hawatajua tena kilikaa wapi na nini. Sisi ni uwani na shambani tu, kwa ruhusa ya mwenyewe, na mashimo tunafukia.

Betri inakula zile za mraba za volti 9, mbili, na ukinunua za bei rahisi haimalizi siku. Mpini umeanza kulegea kwenye skrubu, fundi ameufunga na mpira wa baiskeli. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mwembe wa bibi upande wa mashariki bado hatujaugusa, tunasubiri mvua ya Jumatano.